Kabla Sakafu Haijakauka

Kazi yangu ilikuwa kupangusa damu. Naanza hapo ili msije mkadhani nilikuwa mkunga. Sikumzalisha mtu hata mmoja, isipokuwa wale watoto wawili walioharakisha wakanikuta nimeinama kwenye korido na ndoo yangu. Ninyi mnaobaki pale materniti, wenye koti nyeupe na wenye torshoni la kupangusia sakafu, mmeniomba niandike niliyoyaona. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa primeri, basi msinitafutie makosa. Mimi yenu sikuyatafuta, ingawa niliyaona yote, maana anayepangusa sakafu huona kila kinachodondoka. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha, na wale wawili nitakaosimulia zaidi habari zao walinipa ruhusa.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Kabange, mkunga mkuu, mwanamke mfupi aliyeongea polepole kama mtu anayepima chumvi. Alinipa ndoo mbili. Ya kwanza ya maji na sabuni, ya pili ya maji na javeli, ile dawa kali ya kung'arishia nguo. Akaniambia ya kwanza inatoa uchafu, ya pili inaua ugonjwa, na nikizichanganya nimefanya kazi ya bule. Saa nne asubuhi nilitapika. Akanielekeza kwa kidole: ndoo ya kwanza, halafu ya pili. Nilipangusa matapishi yangu mwenyewe, na huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa kuingia kazini.

Nilikuta desturi moja, nikaishika kuliko walionifundisha. Mwanamke ambaye mimba yake imetoka hakurudi nyumbani na kitu chochote cha siku ile. Shangazi au mama mkwe alikunja vitambaa, juu yake akaweka fishi, ile karatasi ngumu ya mgonjwa, akavitia kwenye beseni yangu akisema, choma yote, asirudi tena na njia ile. Nilikuwa na shimo la moto nyuma ya materniti. Nilichoma nikisimama upande usio na moshi. Waliosahau fishi chini ya mto, niliwatolea mimi mwenyewe. Niliona ni huruma. Hakuna mwanamke aliyetoka mlango wangu na msiba ndani ya mfuko wake, na nilijivuna kwa hilo. Mama Kabange alidhani familia zinaondoka na fishi zao. Mimi nilidhani anajua ninachofanya. Tuliishi hivyo miaka mingi, kila mtu na dhana yake.

Mwanamke aliposhika mimba nyingine, alikuja na fishi mpya. Kwenye kona ya fishi wanaandika herufi, mnazijua. G ni matumbo aliyobeba, P ni aliyozaa, A ni yaliyotoka. Fishi mpya, hesabu mpya: G1. Daktari au mkunga, munganga yeyote aliyekuwa zamu, alimpokea kama bibi arusi wa juzi, akampa vidonge vya damu na ushauri wa kula mboga.

Mtu wa kwanza kunionyesha kwamba macho ya mwenye torshoni nayo ni macho alikuwa mama mmoja mchuuzi wa samaki wakavu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na ya tatu alikuwa nayo tumboni. Alikojoa usiku na mchana. Asubuhi nilikuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye chombo chake cha mkojo, kama watu wanaokwenda komunyo. Vyombo vingine hawakuvigusa. Nikamwita Mama Kabange aje kuona. Aliinama akaangalia, kisha akaagiza damu yake ipimwe sukari. Ilikuwa juu sana. Akatufundisha wote kwamba sukari isiyotunzwa humtesa mtoto tumboni tangu wiki za mwanzo, na kwamba mama huyo angehitaji dawa kabla hata ya kushika mimba. Kwangu mimi alisema neno moja tu: endelea kuangalia. Kwa Mama Kabange, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Baadaye ilikuja ile ya mke wa mtu wa reli kutoka Luena. Mimba zilimtoka zikiwa kubwa, na mtoto mmoja alizaliwa amekwisha kufa. Damu ikaonyesha kaswende. Mama alipigwa sindano, lakini mumewe akagoma, hana kidonda, hana maumivu, sindano ya nini. Mama Kabange alimfuata mpaka getini pa kanisa, siku ya Jumapili, watu wakiwa wametoka ibadani, akamuuliza kama anataka waongee hapo hapo au chumbani. Bwana alichagua chumbani. Sindano ya mtu mmoja katika ndoa ya watu wawili, alituambia baadaye, ni kupangusa sakafu huku bomba linavuja.

Iliyonitisha zaidi ni ya mwalimu mmoja wa shule, mama mwenye umri, aliyepoteza kila mara mwezi wa pili. Walipima kila kilichoweza kupimwa hapa Kamina. Kaswende hapana, sukari hapana, presha hapana. Mama Kabange alimweleza kwamba nyingi za mapema hivyo ni mbegu ambazo hazikujipanga vizuri tangu siku ya kwanza, na umri ukienda jambo hilo huongezeka, na hakuna mzigo aliobeba wala neno la jirani lililofanya hivyo. Mwalimu akauliza, basi kwangu ni nini hasa? Mama Kabange akasema, "Sijui." Nilikuwa nyuma ya mlango na torshoni. Sikuwahi kumsikia munganga akitamka neno lile. Mwalimu alilia, halafu akamshukuru, maana kwa mchungaji na kwa wifi zake wote walikuwa wanajua.

Siku moja ya kiangazi Mama Kabange alitoka nje kupunga hewa, akanikuta shimoni nikilisha moto. Fishi ilikuwa imeanza kujikunja pembeni. Aliingiza mkono akaitoa na vidole vitupu. Akasoma. Kisha akaniuliza nimechoma ngapi. Nikamjibu kwa kujivuna, zote.

Hakupiga kelele. Alisema, "Ngoie, macho yangu njo umechoma." Yaani nilichokuwa nimechoma ni macho yake.

Alinieleza palepale, moshi ukituingia puani sote wawili. Mimba moja ikitoka ni huzuni. Zikitoka mbili, tatu, zinaanza kusema kitu, lakini zinasema pamoja. Zilitoka mwezi gani? Kwa uchungu, au bila uchungu? Damu kwanza, au maji kwanza? Mtoto alikuwa hai? Kila fishi ni neno moja, na mimi nilikuwa nachoma sentensi. Tangu siku hiyo sikuchoma karatasi tena. Nilitafuta sanduku la bati nikazitunza humo. Lakini zilizokwisha kuwa majivu zilikuwa majivu, na kati yake zilikuwemo tatu za mwanamke ninayemwita Numbi.

Numbi nilimkumbuka kwa sababu hakuwa anakuja kama wengine. Wengine waliletwa kwenye baiskeli, wamejikunja. Yeye alikuja kwa miguu yake, mara zote tatu, mwezi wa tano wa mimba, bila uchungu, akisema tu kwamba chini ni kuzito. Anakaa kwenye benchi, maji yanamwagika, mtoto anatoka kama anayeteleza. Walipumua kidogo, wote watatu. Mara ya tatu alinisaidia kushika beseni. Kila mara zamu ilikuwa ya mtu mwingine, kila mara fishi ilikuwa mpya. Baada ya ya tatu, watu wa mumewe walimrudisha kwao Malemba-Nkulu na mfuko mmoja.

Miaka ilipita. Mama Kabange alistaafu. Akaja Docta Banza, kijana, mpole, mwenye haraka. Asubuhi moja ya masika, joto limeshikana na mvua, nilikuwa napangusa chumba chake alipoingia Numbi. Alikuwa ameolewa tena, na askari wa pale kambi ya jeshi, mtu wa mbali. Alisindikizwa na dada wa mumewe, Tantine Bea, mwanamke mrefu aliyesoma, ambaye hata boksi la dawa hakuliacha bila kulisoma pande zote.

Docta akauliza hii mimba iko ya ngapi. Numbi alifungua mdomo, lakini Bea alikuwa amekwisha kujibu.

"Iko ya kwanza, Docta. Bibi ya kaka yangu hayazala bado."

Numbi aliangalia sakafu. Akaona miguu yangu, akapanda nayo mpaka usoni. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi.

Alimweleza Docta kwamba chini ni kuzito na maji mepesi yanamtoka. Homa hana, uchungu hana. Docta akafikiria mkojo mchafu, akafikiria malaria, akaandika vipimo viwili, akasema majibu yakiwa mazuri arudi nyumbani, waonane baada ya wiki mbili. Yeye mwenyewe saa nane angepanda gari kwenda Luena, na hangerudi kabla ya siku tatu. Nikahesabu. Mimba ilikuwa inamaliza mwezi wa nne. Baada ya wiki mbili, materniti hii ingempokea na beseni yangu.

Bea alipopeleka vikopo maabara, nilikaa kando ya Numbi kwenye benchi, lile lile. Nikamwambia amwambie Docta.

"Mama, siwezi. Bakijua batasema nakula batoto. Batanifukuza, na sina tena fasi ya kwenda."

Nikamwambia akikaa kimya, atampoteza na huyu. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kwenye joto lile.

"Ile siku ulichoma mafishi, nilikushukuru. Choma na mudomo yako."

Nilirudi kwenye chumba cha ndoo nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Siri haikuwa yangu. Kwa miaka yote nilibeba siri za nusu ya Kamina, na hakuna aliyezisikia kwangu, hata mume wangu, ambaye aliomba sana. Nikifungua mdomo, nimevunja nyumba yake. Nikifunga, nimemwua mtoto, na mara hii nisingeweza kusema sikujua. Nilisikia Docta akifunga sanduku lake la safari. Nilisikia viatu vya Bea vikirudi na majibu: mkojo safi, malaria hakuna. Wote wawili waliingia kwa Docta kuagana.

Nikajaza ndoo mpaka juu. Javeli niliweka ya kutosha kuua ng'ombe. Nikafungua mlango bila kupiga hodi, nikamwaga yote katikati ya chumba.

Docta aliruka miguu juu. Akasema Mama Ngoie, niko na mgonjwa. Nikamjibu mgonjwa akae pale pale kwenye kiti, miguu juu. Huyu mwingine mwenye viatu vizuri ndiye atoke, javeli itamharibia. Bea aliangalia viatu vyake, akaangalia maji yanavyokuja, akatoka upesi. Mjue hili, wanangu: daktari anaweza kubishana na mkurugenzi, lakini hakuna anayebishana na maji ya javeli. Nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake na fimbo ya torshoni kama askari wa zamu.

Nikamwambia Numbi, "Minyi nimefunga mudomo, vile uliniomba. Weye njo utasema. Lakini hii sakafu inakauka mbio."

Docta alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa kijana, lakini si mjinga. Aliweka sanduku chini, kwenye maji, akakaa.

Numbi aliyaangalia maji. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na sementi ya pale ilianza kugeuka nyeupe. Kiraka cha kwanza kilikuwa kama sahani. Kikawa kama sinia. Nje, Bea aligonga kwa kucha, akauliza imekauka? Nikajibu bado. Nilisogeza maji kwa torshoni kuelekea penye jua, kuongeza dakika. Numbi alikuwa ameshika kitambaa cha kiunoni kwa mikono miwili, na jasho lilimtoka juu ya mdomo. Bea akagonga tena. Kiraka kilifika kwenye mguu wa kiti.

Numbi akaachilia mkono mmoja. Akainua vidole vitatu.

Docta aliinama karibu naye. Akauliza kwa sauti ya chini sana, mwezi gani? Akainua vidole vitano. Zote? Akakubali kwa kichwa. Kwa uchungu? Akakataa kwa kichwa, na hapo machozi yakaanza, bila sauti, kwa sababu ya mlango.

Docta alimlaza, akaniambia nishike taa. Alimwangalia kwa makini. Mlango wa kizazi, alisema, umeanza kufunguka. Si mkojo, si malaria, si ndoki wala uchawi wowote. Ni mlango uliolegea, mtoto akishapata uzito haumbebi. Tunaushona leo, kwa uzi, kama mtu anavyofunga mdomo wa gunia, na mwezi wa tisa tunakata. Akamwambia ukweli mwingine pia, kwamba uzi husaidia, lakini hautoi ahadi. Luena ikasubiri.

Bea alipoitwa kuelezwa, aliuliza swali moja. Kama iko mimba ya kwanza, mumejuaje? Docta alisema, "Nimeangalia." Haikuwa uongo. Bea akatia sahihi.

Jioni ya siku hiyo, wakati wa kuona wagonjwa, nilimkuta Bea amesimama miguuni pa kitanda cha Numbi. Numbi alikuwa bado amelala kwa dawa ya ganzi waliyomchoma kiunoni. Fishi ilining'inia pale. Docta aliandika alivyofundishwa kuandika, wazi kabisa, G4 P0 A3, na mimi mjinga nilisahau kuigeuza. Bea aliweka kidole juu ya herufi ya kwanza, akaniita kama mjukuu anavyomwita bibi yake.

"Kambo, hii G4 njo nini?"

"Njo kitanda."

"Lakini hapa banaandika saba."

"Tunamuhamisha."

Basi ikabidi nimhamishe. Nilisukuma kitanda kizima na mwanamke juu yake, polepole kama mtu aliyebeba mayai, gurudumu moja halizunguki, nikamtoa kwenye nafasi ya nne mama wa mapacha aliyenitukana kwa Kiluba safi. Bea alinisaidia kusukuma. Hakuuliza tena. Alinyoosha shuka, akakaa.

Wiki zile nilizeeka. Kila asubuhi kabla ya kushika ndoo niliangalia kwanza chini ya kitanda cha nne kama pana maji. Hapakuwa na maji. Aliporudi kambini, niliangalia benchi. Docta alimwonya kwamba maji, damu, homa au tumbo kukaza, aje mbio, asingoje ruhusa ya mtu. Mwezi wa tano ulipita. Mwezi wa sita, tumbo lilikaza siku moja, akaja, akalazwa, likatulia. Nina wajukuu kumi na mmoja, wote walizaliwa juu ya sakafu niliyoisafisha mimi, na mmoja sasa anavaa koti nyeupe hapo kwenu na anaruka ndoo bila kuamkia. Hakuna hata mmoja wao niliyemhesabia siku namna ile.

Mwezi wa tisa uzi ulikatwa. Baada ya siku sita, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye korido niliposikia mlango wa chumba cha kuzalia ukifungwa. Nilisimama. Torshoni lilidondosha maji mpaka yakafanya ziwa miguuni pangu. Mtoto alilia. Msichana, sauti kama ya muuzaji wa sokoni. Nikapangusa lile ziwa, kwa sababu mtu angeanguka.

Siku ya kutoka, Bea alibeba mfuko. Numbi alibeba mtoto, na ndani ya kitenge chake alibeba fishi, iliyokunjwa mara mbili. Walipita kwenye korido yangu yenye maji. Numbi alitangulia nje, mume wake alikuwa anamsubiri. Bea alibaki nyuma. Alivua viatu mwenyewe, akavishika mkononi, akaja mpaka nilipo.

"Kambo, minyi najua kusoma."

Nikaegemeza fimbo ya torshoni ukutani. 

"Ile siku ya kitanda, nilisoma yote. Sikuambia kaka." Aliangalia mlango, akashusha sauti. "Mu fishi yangu, kule nilitoka, banaandika G3. P iko zero. Bwana yangu hajui. Muntu hajui."

Kumbe ndiyo maana alikuwa anasoma kila boksi la dawa: alikuwa anajitafutia yake.

Nilimwambia asubiri. Chumba cha Docta kilikuwa safi, nilikipangusa asubuhi. Nikachukua ndoo, nikamwaga maji mlangoni, kutoka ukuta mpaka ukuta, watu wote wa benchi wakainua miguu na kulalamika. Bea akapita juu ya maji bila viatu, akaingia kwa Docta. Nikafunga mlango, nikasimama mbele yake.

Sanduku la bati liko kwenye chumba cha ndoo, chini ya rafu, ufunguo nimemwachia mwenye zamu. Fishi zote nilizotunza zimo, na mama atakayesema hakumbuki, mtafutieni. Lakini kwanza mtoeni kila mtu chumbani. Sakafu ya pale hukauka upesi. Mwageni maji mengi.